Ramani Huria: tathmini ya ramani ya mafuriko ya Dar es Salaam

Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, umeichora Dar es Salaam kwa mikono ya watu wanaoishi humo, yaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakitembea na wakazi wa mitaa inayofurika. Kazi yao huingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni, ambako yeyote huichukua bila malipo, na mwenye simu anaweza kuifungua kwa programu kama OsmAnd hata akiwa hana bando.

Nguvu ya ramani hii inaonekana vizuri zaidi katika Bonde la Msimbazi, mto unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye daraja la Salender. Vichochoro na mitaro, ambavyo ramani za kawaida huviacha, humu vimechorwa, na baadhi ya mitaro imeandikiwa hata upana na kina chake. Wenyeji pia waliulizwa maji huwafikia wapi masika yanapokolea. Ninaithamini sana hatua hiyo, kwa sababu mama aliyekwisha kupandisha magodoro juu ya kabati mara tatu analijua bonde kuliko picha yoyote iliyopigwa kutoka angani.

Hata hivyo, ramani huhesabu mapaa, na paa halisemi chini yake wanaishi nani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye korido katikati inaweza kuwa na familia sita, zote za wapangaji, lakini katika ramani ni kijisanduku kimoja. Upungufu huu una uzito mkubwa pale ambapo wakazi wanapaswa kuhamishwa, kwa kuwa fidia kwa kawaida humlenga mwenye nyumba. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kwa mchuuzi anayefuata bidhaa Kariakoo alfajiri, umbali huo hula nauli na muda ambao ndio mtaji wake, na kiwanja peke yake hakiwezi kuufidia.

Sasa upo mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na unahusisha daraja jipya la Jangwani pamoja na kuwaondoa watu mabondeni. Ningependa maofisa mipango miji waifungue ramani hii pamoja na wajumbe wa mashina, waandike idadi ya kaya katika kila nyumba na mahali kila kaya inapopatia riziki, kisha ndipo wachague eneo la kuwapeleka.

Naipendekeza pia kwa anayetafuta chumba cha kupanga Kigogo, Mchikichini au Magomeni Suna. Atazame kwanza chumba kiko umbali gani kutoka mtoni na kwenye mtaro. Mtaro uliochorwa kiangazi unaweza kuwa umejaa mchanga na taka ifikapo Machi, kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita abishe hodi kwa jirani, amwombe amwonyeshe ukutani alama ya maji ya mwaka uliopita.