Jicho la bandia la kupimwa: mwaka mzima nalo kibandani

Nina kibanda cha chakula Ngamiani, Tanga: asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage na samaki. Mwaka juzi nilikuwa nachanja kuni, kibanzi kikaruka kikanipiga jicho la kushoto. Nikakaa siku tatu natia matone niliyouziwa duka la dawa na mtu ambaye hata hakuniambia nifungue jicho alitazame. Kufika hospitali, limeshajaa usaha. Daktari akasema kuona hakutarudi, na kwamba mara nyingine jicho lililopasuka huuchochea mwili ukalishambulia hata lile zima. Nikakubali litolewe.

Tangu hapo nimevaa macho ya bandia mawili, na tofauti yake ni kubwa mno, ndiyo maana naandika.

La kwanza lilitoka kisandukuni, yako tayari yamepangwa, unachaguliwa linalokaribia lako. Langu jicho ni la rangi ya kahawa iliyokolea, nikapewa la chai ya maziwa. Weupe wake kama sahani mpya. Halikukaa sawasawa: lilitazama juu kidogo, na nyuma yake pakabaki nafasi, machozi yanatuama, kila asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Mteja wangu wa miaka mingi akaanza kumtuma kijana amchukulie chapati. Sikumlaumu, lakini niliumia.

La pili nilipimwa, Dar es Salaam. Fundi, kijana mpole, alinitilia kwenye tundu la jicho uji mzito wa baridi, ule ule wanaotumia mafundi wa meno kuchukua umbo la fizi. Dakika chache ukashika, akautoa. Hauumi, unakera tu. Akachonga umbo kwa nta, akanijaribishia, akapunguza, akanijaribishia tena.

"Mama, tazama nguzo ile ya nje, usinitazame mimi," akaweka alama mahali pa mboni.

Kazi ya rangi ilichukua karibu asubuhi nzima. Alinikalisha dirishani, sio chini ya taa, akawa anatazama jicho langu zima, anapaka, anatazama tena. Mishipa ile myekundu ni nyuzi nyembamba za hariri alizozilaza moja moja. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona weupe unautia manjano?" Akanijibu, "Mama, jicho la mtu mzima halina weupe wa karatasi. La kwako lina moshi wa miaka mingi." Kweli kabisa. Kisha likafunikwa kwa akriliki, plastiki ngumu ya meno ya bandia, likapikwa na kung'arishwa. Aliponivika nikajitazama kwenye kioo, nikaomba dakika moja niwe peke yangu.

Jicho hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya safari tatu za basi, na bei iliyokula faida yangu ya miezi minne. Kasoro nyingine si za fundi: mboni haipanuki, hivyo jioni giza likiingia macho hutofautiana kidogo, na nikitazama pembeni sana la bandia huchelewa nyuma. Moshi wa jikoni unalikausha, natumia matone ya kulainisha. Naliosha kwa maji safi na sabuni laini. Spiriti usiguse, inapasua akriliki. Wala usilitoe kila siku. Kila mwaka linarudi kung'arishwa, na baada ya miaka kama mitano hubadilishwa kwa sababu tundu lenyewe hubadilika.

Lakini kilichonisaidia zaidi hakikuwamo kwenye bei. Siku ya mwisho fundi akaniuliza, "Chai unamimina vipi?" Nikanyamaza. Nilikuwa namimina mezani. Kwa jicho moja, kitu kilicho karibu hukijui kiko umbali gani, na mimi mikono yangu yote ilikuwa na alama za kikaango. Akaleta birika na kikombe, akanifundisha: gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, ndipo uinamishe. Ngazi, tanguliza unyayo upapase. Barabarani, geuza kichwa chote hadi kidevu kifike bega la kushoto, kwa sababu bodaboda ya upande ule hutaiona mpaka ikufikie. Nusu saa tu. Nilikuwa nimeishi miezi saba bila mtu yeyote kuniambia hayo, na hilo linaniudhi hadi leo. Mtu akitolewa jicho, afundishwe kumimina chai kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Pia alinisisitizia miwani ya polikaboneti, plastiki isiyopasuka kirahisi, ambayo haibadilishi kuona, ni ya kulilinda tu hili lililobaki. Naivaa tangu kuamka. Kuni sasa nanunua zilizokwisha kuchanjwa.

Meza nimezihamisha zote upande wa kulia, wateja wakiingia nawaona. Yule wa chapati amerudi, anakaa ile ya mbele.

Mwezi wa nane narudi kung'arisha. Safari hii naongozana na jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeingiwa na cheche ya grenda. Huu mwaka wa pili anajifunga kitambaa. Nimemwambia kwanza aje kibandani, nimwekee birika na kikombe.