Kola ya Sponji, Dafu na Mkokoteni: Kuchagua Kinga ya Shingo kwa Dereva wa Uwanjani

Asalaam aleikum watazamaji wangu, na karibuni tena hapa Malindi, ambako leo kusi inavuma kwa nguvu hata imenibidi nikifunge kinasa sauti kwa kitambaa, kwa hiyo mkisikia mvumo mtanivumilia. Nimekuja na vitu vitatu mezani, na kimoja kati yavyo kimenikera kwa muda wa miezi mitatu. Ni hiki cha mviringo, cheusi, laini kama mto wa mtoto. Hii ndiyo kola ya sponji, na niliinunua kwa shilingi 4,500 kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwa kiapo kwamba ni kinga kamili ya shingo kwa mtu anayeendesha gari uwanjani. Niliivaa safari mbili nzima kwenda uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans kule Athi River, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, nikijiona nimelindwa.

Tazameni lebo yake kwa karibu. Imeandikwa SFI 3.3, SFI likiwa ni shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mashindano ya magari, na mnunuzi akiona herufi hizo tatu hutulia moyo, kama nilivyotulia mimi. Lakini SFI 3.3 ni kiwango cha kustahimili moto, kile kile kinachotumiwa kwa glavu na viatu vya dereva. Lebo hii inasema kwamba kola haitashika moto upesi, wala haidai popote kwamba itazuia kichwa kisiende mbele gari likigonga ukuta. Kiwango cha vifaa vinavyozuia kichwa ni SFI 38.1, au FIA 8858 kwa upande wa shirikisho la kimataifa la magari. Mkisahau mengine yote niliyosema leo, kumbukeni tarakimu hizo mnapokwenda dukani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, na hapa nitakaa kwa muda, maana nimelitengenezea mtambo. Mpwa wangu amesimama pale na mkokoteni tuliouazima sokoni. Juu ya mkokoteni tumefunga kiti, na kitini tumekalisha gunia la mchanga ambalo ndilo kiwiliwili chetu. Shingo ni kipande cha mpira wa kumwagilia maji, na kichwa ni dafu zima lililovishwa helmeti yangu kuukuu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano, ukiongeza na helmeti ya kilo moja na nusu hivi, shingo inabeba zaidi ya kilo sita, kwa hiyo tumeongeza mchanga kidogo ndani ya helmeti ili dafu lisionekane jepesi mno. Gunia limefungwa kwa mikanda ya mashindano, barabara kabisa. Mkokoteni utateremka kwenye zege hili na kugonga tairi zilizopangwa kule chini.

Mara ya kwanza tunauteremsha dafu likiwa na kola ya sponji. Haya, achia! Mmeona? Nitairudisha picha polepole. Gunia halikutoka mahali pake hata kidogo, kwa sababu mikanda imelishika, na hapo ndipo ubaya unapoanza: kiwiliwili kimesimama lakini kichwa hakijaambiwa kisimame. Helmeti imekwenda mbele, mpira umevutika na kupinda, na sponji imebonyea tu kama andazi lililolowa chai. Kwa alama za chaki tulizochora ubavuni, helmeti imesogea sentimita 31. Katika mwili wa binadamu, mvutano wa namna hiyo huishia pale ambapo uti wa mgongo unakutana na fuvu, na katika ajali kubwa kitako cha fuvu huvunjika. Kadiri mikanda inavyokushika vizuri ndivyo shingo inavyobaki peke yake na kazi ya kukizuia kichwa.

Mara ya pili tunatumia kifaa hiki cha pili, ambacho wengi wenu mnakijua kwa jina la HANS. Kina umbo la herufi U, kina ukuta mdogo nyuma ya shingo, na miguu yake miwili hulala mabegani na kushuka kifuani, kisha mikanda ya kiti hupita juu ya miguu hiyo na kuikandamiza. Kutoka kwenye ukuta ule wa nyuma zinatoka tepe mbili zinazoshikwa kwenye vishikizo vilivyofungwa kwa skrubu kila upande wa helmeti. Achia tena! Sasa tazameni tepe, msitazame helmeti. Zimenyooka zikakaza kama kamba ya tanga iliyopata upepo, helmeti ikasimama, na kiwiliwili na kichwa vikaenda pamoja. Sentimita 12. Nakiri kwamba mkokoteni si maabara. Huko kwenye majaribio rasmi hutumia sanamu lenye vipimo ndani ya shingo, likagongeshwa kwa mbele na pia kwa pembe ya nyuzi 30, lakini jicho lenu limeshaona ninachokisema.

Kwa hiyo kinga ya shingo haiishiki shingo hata kidogo. Inakishika kichwa na kukifunga kwenye mabega, na mabega yamefungwa kwenye kiti. Yule aliyelifikiria hili alikuwa Robert Hubbard, mhandisi wa mambo ya mwili aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan State, na aliyemsukuma alikuwa shemeji yake, Jim Downing, dereva wa mashindano aliyeguswa na kifo cha Patrick Jacquemart katika uwanja wa Mid-Ohio mwaka 1981. Kifaa kilikuwapo kwa miaka mingi huku madereva wakikikataa kwa madai kwamba kinabana na kinakera. Dereva wa Formula 1, Roland Ratzenberger, alifariki katika uwanja wa Imola mwaka 1994 na Dale Earnhardt, dereva wa mashindano ya NASCAR ya Marekani, akafariki katika uwanja wa Daytona mwezi Februari 2001, wote kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na kabla ya mwaka 2001 kwisha NASCAR ilikuwa imeshalazimisha madereva wavae kinga ya namna hii. Formula 1 ililazimisha mwaka 2003. Ukiwatazama madereva na wasomaji ramani wa Safari Rally pale Naivasha, wote wawili garini wamevaa.

Malalamiko ya kukerwa na kubanwa nimeyapima mwenyewe. Naketi kitini, nimefunga kila kitu. Nageuza kichwa kushoto, nageuza kulia, na ninauona ukuta wa jirani mpaka kwenye mbuyu. Nawezaje kugeuka ilhali nimefungwa pande zote mbili? Kwa sababu hizo zinazoonekana tepe mbili kumbe ni tepe moja inayoteleza ndani ya mfereji nyuma ya ukuta: upande wa kulia ukirefuka, wa kushoto unafupika, na kichwa kinazunguka bila kizuizi. Jambo hili limenifurahisha kuliko yote, na nimekigeuza kichwa mara nyingi hata mpwa wangu ananicheka. Tepe zikiwa hazitelezi utageuka pia, lakini kwa ubishi. Kitakachokuzuia ni kuinama sana mbele kutafuta simu iliyoanguka chini ya miguu, na dereva anayetafuta simu uwanjani ana shida nyingine ambayo kifaa hiki hakiitibu.

Kutoka garini ni habari nyingine. Vishikizo vya pembeni ya helmeti vinafunguliwa kwa kuvuta kijikamba au kubonyeza kitufe, na nimejaribu mara kumi nikiwa na glavu zilizolowa jasho, maana jasho la hapa kwetu mnalijua. Mara nane nimefungua upesi, mara mbili kidole kimeteleza. Dawa yake ni kutovifungua kabisa: fungua mikanda ya kiti, kisha toka na kifaa kikiwa bado kichwani. Hili lifanyieni mazoezi nyumbani kabla ya siku ya uwanjani, kwa sababu dirisha la gari dogo ni jembamba na ukuta ule wa nyuma hupenda kunasa. Na sisi watu wa pwani tuna mgeni wetu, chumvi. Vishikizo vyangu vilianza kutu baada ya wiki tano tu za kukaa kwenye kabati linaloelekea baharini, kwa hiyo sasa navifuta kwa kitambaa kikavu na kuvihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa.

Sasa mnisikilize wale mnaoendesha gari lile lile mnalolipelekea watoto shuleni. Kifaa cha HANS kinategemea mikanda miwili ya mabega ikikandamize. Ukikivaa na mkanda wa kawaida wa pointi tatu, mkanda unapita bega moja tu, na kifaa kinageuka pambo la bei ghali. Wengi wakishasikia hivyo hukimbilia kwa fundi na kufungiwa mikanda minne, na hapo naomba subira. Mikanda isiyokuwa na ule unaopita katikati ya mapaja huweza kupanda tumboni na kuuacha mwili uteleze chini yake. Tena mwili uliofungwa wima hauwezi kuinama paa linapobonyea gari likipinduka, ndiyo sababu mikanda ya mashindano huenda pamoja na kiti chake na fremu ya chuma ya kulinda paa. Ni mfumo mmoja, na kununua kipande kimoja kimoja kunaweza kukuacha pabaya kuliko ulipoanzia.

Kwa watu wa namna hiyo kuna kitu cha tatu hapa mezani, ambacho si changu, nimekiazima kwa mzee mmoja Mwitaliano wa hapa Malindi aliyekuwa akishindana ujanani na ambaye amenisihi nisikikwaruze. Ni Simpson Hybrid S. Hiki hufungwa mwilini kwa mikanda yake yenyewe kifuani, kwa hiyo hakiponyoki mabegani hata gari likigongwa kwa pembe, na mtengenezaji anaruhusu kitumike hata na mkanda wa pointi tatu. Nilianza asubuhi nikiamini kwamba HANS ndiyo jibu la kila mtu, na sasa, baada ya saa nne za kuvivaa na kuvivua, sina uhakika huo tena. Hiki kinachosha kukivaa, kinaongeza joto kifuani, na bei yake ni karibu mara mbili ya ile ya HANS ya kawaida, lakini kwa mtu mwenye gari la nyumbani ambaye hatakata paa wala kung'oa viti, ndicho ningemshauri. Kampuni ya NecksGen nao wana kifaa chepesi kinachosifiwa sana, ila sijakishika, na chaneli hii haisifu kitu ambacho mkono wake haujakigusa.

Kuhusu bei, HANS yangu ilinigharimu shilingi 48,000 mpaka kufika hapa, ushuru ukiwamo. Ile ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na ya kupendeza, lakini zote mbili hupita mtihani ule ule, kwa hiyo fedha ya ziada inanunua wepesi. Akiba hiyo ningeiweka kwenye helmeti, kwa sababu helmeti ya bodaboda haina pa kufungia vishikizo na haikupimwa kwa moto. Tafuteni helmeti ya mashindano yenye alama ya SA2020 ya Snell, shirika linalopima helmeti, ambayo huja na matundu ya skrubu ya M6 pembeni. Msitoboe helmeti wenyewe kwa keekee, tafadhali. Nimetumiwa picha mbili za namna hiyo mwezi huu na zimeninyima usingizi.

Kuna pia pembe ya kulalia kitini, inayopimwa kwa nyuzi. Kifaa cha nyuzi 20 kinafaa magari mengi ya kawaida ambayo dereva huketi karibu wima, na cha nyuzi 30 ni cha wanaolala nyuma zaidi, kama katika magari ya formula. Mikanda ya mabega nayo itoke nyuma ikiwa sawa na bega au ishuke kidogo, isizidi nyuzi 20. Mkinunua kilichotumika, tafuteni kibandiko cha tarehe, kwa maana SFI hutaka kifaa kirudishwe kukaguliwa kila baada ya miaka mitano, na muulizeni muuzaji waziwazi kama kimewahi kupata ajali.

Habari za chaneli ni fupi: Ijumaa hakutakuwa na video kwa sababu narudisha mali ya mzee, na wiki inayofuata tutapima viti. Walioniuliza kuhusu magari madogo ya karti, ambayo hayana mikanda kabisa, HANS haina pa kushikilia huko, na kola ya sponji inakubalika kwa kupunguza uchovu wa shingo. Hii yangu, hata hivyo, haiendi kwenye karti. Mpwa wangu ameshaiomba aende nayo kwenye basi la usiku la Nairobi, na kwa kazi ya kusinzia safarini nimeijaribu mwenyewe na sikuiona kasoro.