Kiti cha makaratasi cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: uzoefu wangu hapa Kilifi

Mkiniuliza nilikinunua wapi, sikukinunua. Kiti cha mwanangu kimetengenezwa kwa katoni za dukani, magazeti makuukuu na gundi ya unga wa ngano, na kati ya mikono iliyokitengeneza, miwili ni yangu. Kila nikikipakia kwenye tuktuk hakosi mzazi wa kuniuliza habari zake, na kwa maneno mawili ya barabarani siwezi kummalizia. Basi hizi hapa, tamu na chungu.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, au sipii (CP) kama wanavyosema kliniki. Ana miaka sita. Miguu hukaza na kupishana, shingo haijashika sawasawa, na tangu azaliwe alikuwa mtoto wa kulazwa mkekani au kupakatwa. Kumlisha ilikuwa ni kumlaza mapajani nimnyweshe uji kijiko kwa kijiko huku anapaliwa, na kila mvua zikianza tuko wodini na kifua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifungua macho: mtoto wa aina hii akila chali, chakula hupotea njia kikaingia mapafuni, na hapo ndipo nimonia haimwachi. Aketi wima, kidevu kiiname kidogo, chakula kishuke kinakotakiwa kwenda. Sawa, lakini aketi juu ya nini?

Kiti cha magurudumu tulikuwa nacho. Wafadhili walikuja, viti vikagawiwa, picha zikapigwa, kila mmoja akarudi na chake. Nia yao siitilii shaka. Ila kile chetu kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto alizama ndani, kiuno kikateleza mbele, kichwa kikalala begani, na haukupita muda ngozi ya kalio ikaanza kuchubuka. Isitoshe kwetu ni mchanga mtupu, na magurudumu yale membamba mchangani hayaendi. Mwishowe tukawa tunaanikia nguo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008, kwa ajili ya nchi kama zetu hasa, na mle imeelezwa kwamba mtu apimwe, achaguliwe kiti kinachomfaa, kirekebishwe kimkae mwilini, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Sisi tulikabidhiwa kiti tukaambiwa kwaherini.

Hiki cha makaratasi nilikijulia kwenye kikundi cha wazazi tunachokutana chini ya mwarobaini, karibu na zahanati. Ufundi wenyewe asili yake ni Zimbabwe, kwa bwana mmoja aitwaye Bevill Packer, na umeenea nchi nyingi kwa sababu malighafi yake ni takataka za watu wengine. Nilivyosikia makaratasi nilicheka. Mtoto huyu akikaza mwili hata mimi ananishinda, atakalia katoni?

Kazi huanzia kwenye vipimo, na hapa hakuna haraka. Mtoto huketishwa, mmoja anamshika, mwingine anapima: kutoka kalio hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino, upana wa nyonga, urefu hadi kwapani. Lengo ni nyonga, magoti na vifundo vyote vikunjike digrii 90. Baadaye katoni hukatwa na kubandikwa tabaka juu ya tabaka, na ukitazama utaona ile mistari ya ndani ya katoni: tabaka hili iwe wima, la juu yake ilale. Ugumu wote umo humo. Hukandamizwa kwa matofali hadi zishikane, zikawa ubao ambao unaupiga msumeno kabisa. Magazeti yanayofunika kingo huchanwa kwa mkono, hayakatwi kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hulala vizuri na hauachi mwinuko wa kumkwaruza mtoto. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa kama uji, ukipoa unapaka. Mama mmoja alinikemea kwa kuacha mapovu chini ya karatasi kama vile nimemharibia mandazi yake.

Kisha kunasubiriwa kukauka, na hapa nitoe lawama yangu ya kwanza. Kwa unyevunyevu wa pwani kazi hii haina ahadi. Asubuhi unatoa nje, jioni unaingiza, wingu likitanda unakimbia. Waliosema kinatengenezwa wikendi moja labda wanaishi Turkana kwenye ukame. Kikikauka hupakwa vanishi kila mahali, mpaka chini ya miguu, hupambwa ukipenda, na juu huwekwa sponji. Pesa iliyonitoka mfukoni haikufika elfu mbili, na nyingi ilikwenda kwenye vanishi na mikanda. Kiti maalumu cha dukani cha mtoto kama huyu mimi sikigusi hata nikiuza mbuzi wote.

Sasa amekaa. Kuna mkanda unaopita nyongani, kigingi kinachotenganisha mapaja ili miguu isipishane, na meza mbele yake. Ile meza ndiyo iliyonipa mshangao, maana mikono ikipata pa kuegemea, kichwa nacho kinatulia. Ana kikombe cha plastiki, anakisukuma taratibu mpaka ukingoni, kinaanguka, dadake anaokota, anakisukuma tena. Mchezo huo unaweza kula asubuhi nzima na dadake ndiye anayechoka. Chakula anakula ugali laini na mchuzi, kwa muda, lakini kupaliwa kumepungua sana. Sisemi kiti kimemponya, na anayewauzia dawa ya kuponya sipii mfukuzeni.

Adui wa kiti hiki ni maji, na mtoto wangu bado hajajua choo. Sponji ifunikwe kwa ile ngozi ya plastiki ya viti vya matatu, na chini ya kikalio muongeze vanishi hata kama mmeambiwa inatosha. Panya naye alitutafunia kona moja kwa harufu ya unga, tukabandika upya. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Na mtoto anakua: magoti yakianza kuning'inia mbele, muda wake umekwisha, kupima tena. Wazazi ambao watoto wao wana mgongo uliopinda sana, au wanaokaza kwa nguvu kupita kiasi, msikimbilie kujitengenezea. Mwoneni mtaalamu kwanza, kwa sababu kiti kikimkalisha vibaya kitaumiza, kiwe cha karatasi au cha chuma.

Vilevile si kiti cha safari. Kwa kutokea nje bado unahitaji magurudumu, na huku pwani APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya ambacho kimekuwapo tangu 1958, kina karakana zake Bombolulu, Mombasa, zilizoanza 1969. Watu wenye ulemavu wenyewe ndio mafundi pale. Mtu aliyewahi kusukumwa mchangani huhitaji kumweleza habari za magurudumu membamba.

Kuhusu kikundi, naona ndicho nilichokipata zaidi ya kiti. Pale ndipo nilipoelekezwa namna ya kumfanyia mtoto tathmini hospitalini ili aandikishwe kwenye Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, na nikajua kwamba Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za msaada, una fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nikaambiwa pia kuhusu EARC, vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule, ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984. Miaka yote hiyo, na kwetu hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliambiwa habari za pepo tu. Mama mkwe aliamini hivyo kwa dhati, hadi alipoalikwa kuchana magazeti na wale wanawake wengine akakuta mjukuu wake si peke yake. Siku hizi yeye ndiye anayemfunga mkanda, na ole wako uukaze vibaya.

Akina baba sijui wamejificha wapi. Tuko wanawake watupu, na mzee mmoja anayemleta mjukuu. Katoni zikihitaji kukatwa kwa msumeno hatukatai msaada.

Kwa jumla nakipendekeza, hasa kwa mtoto ambaye bado analishwa amelazwa. Mkija, njooni na mtoto mwenyewe, si vipimo vilivyoandikwa nyumbani, na mje na nguo msiyoionea huruma. Magazeti tunayo. Katoni leteni, nene na kavu, ila za samaki hapana, tulishapokea moja na paka wa mtaa mzima wakatuhamia.