Fremu 300, picha ileile: maktaba ya kamera iliyonikesha

Nafundisha sarakasi, na programu zangu naandika mwenyewe. Maktaba hii, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kutumia ndani ya programu yako, niliinunua kwa kazi moja tu: mwanafunzi aruke, atue, ageukie skrini ajione alivyoruka sekunde 10 zilizopita. Kamera inatoa fremu 30, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde, basi nikaunda foleni ya fremu 300. Mpya inaingia nyuma, kongwe inatoka mbele kwenda kwenye skrini.

Nikawasha, nikapunga mkono. Mkono wa kwenye skrini ukapunga papo hapo. Nikaongeza foleni hadi 600. Papo hapo! Nikaikagua foleni: imejaa, haina kasoro. Nilikesha nayo hadi macho yakawaka.

Kumbe maktaba ina sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta, inayoiandika upya kila fremu inapofika, na kila mara inakukabidhi anwani ileile ya sehemu hiyo, si picha yenyewe. Foleni yangu ilibeba anwani 300 za nyumba moja. Dawa ni mstari mmoja wa msimbo: nakili fremu kabla ya kuiweka.

Hilo ningelisamehe. Lakini nilipowaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikijieleza hatua kwa hatua, nilijibiwa kwamba hayo kila mtaalamu anayajua, nikajifunze kwanza. Nikajifunze wapi? Maelekezo yao nimeyasoma mwanzo mwisho. Neno kuhusu kunakili halimo.

Baada ya kunakili, kumbukumbu ikaanza kulemewa. Fremu ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, baiti 3 kwa kila pikseli, ni megabaiti 6 na ushee. Zidisha kwa 300, unakaribia gigabaiti 1.9. Sasa kila fremu naibana kuwa JPEG, faili ya picha iliyopunguzwa ukubwa, kabla haijaingia, na kompyuta inapumua.

Nilitaka kutoa nyota moja. Ila juzi kuna binti aliyekuwa akitua vibaya tangu aanze. Akatazama skrini, akaliona goti lake la kushoto likikunjika angali hewani, akarudi kuruka tena kabla sijafungua mdomo. Akatua wima. Nilisisimka mwili mzima. Kwa siku hiyo wanastahili tatu, hata nne, maana picha haijakwama hata mara moja.

Lakini nimelisoma tena lile jibu lao sasa hivi. Moja. Wakiuandika ule mstari kwenye maelekezo, nitarudi kuibadilisha.