Darasa la maandalizi ya tathmini ya ECDIS, Shangani, Mtwara

Ofisa wa meli aliyerudi nyumbani Mtwara au Mikindani kati ya mkataba mmoja na mwingine, akitaka kujiandaa kwa tathmini ya ECDIS, yaani mfumo wa ramani za kielektroniki za kuongozea meli, kwa kawaida hulazimika kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo darasa dogo la jioni linaloendeshwa Shangani na nahodha mstaafu linastahili kujulikana. Halitoi cheti, hicho hutolewa na chuo kilichoidhinishwa, baada ya kozi ambayo mtaala wa mfano namba 1.27 wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, umeipangia saa 40.

Ubora wake mkubwa uko katika somo la kontua ya usalama, yaani mstari wa kina unaotenganisha maji salama na ya hatari kwenye ramani, jambo linalowaangusha watahiniwa wengi waliozoea kukariri vitufe. Mwalimu huanza na meli yenyewe: kina chake majini, kuzama kwake zaidi inapokwenda kasi, maji yanayotakiwa kubaki chini yake, na hali ya kupwa na kujaa. Tuseme kina kinachohitajika ni mita 11.5, na ramani ina kontua za mita 5, 10, 20 na 30 pekee. Mfumo utachukua ya mita 20, wala si ya mita 10, hivyo eneo pana ambalo meli ingepita salama litaonekana kama la hatari. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kazi ya kina cha usalama, kinachokoleza tarakimu za vina visivyokifikia, na kwa nini asiuache mfumo na mita 30 ulizokuja nazo kiwandani. Mfano wake ni Ovit, meli ya mafuta iliyopanda fungu la Varne katika mlango wa bahari wa Dover mwezi Septemba 2013: kontua haikuwekwa ipasavyo, na sauti ya tahadhari ilikuwa imezimwa. Somo hili peke yake, kwa maoni yangu, linatosha kuhalalisha ada.

Viwango vya ubora wa upimaji wa bahari, vinavyoonyesha data za ramani ziaminiwe kiasi gani, navyo hufundishwa vizuri, ingawa kwa haraka. Kumbuka kwamba daraja C huruhusu kosa la mahali la hadi mita 500.

Upungufu upo, nao si mdogo. Kompyuta ni mbili kwa darasa zima, kwa hiyo zoezi la kupanga njia na kuikagua yote, ambalo ndilo moyo wa tathmini ya vitendo, huishia kutazamwa zaidi kuliko kufanywa. Kijitabu cha maswali nacho bado kina alama na utaratibu wa tahadhari wa kabla ya mabadiliko ya 2017 ya viwango vya ECDIS, na mwalimu huvirekebisha kwa mdomo tu. Vingepaswa kuchapishwa upya.

Ninalipendekeza kwa aliyekwisha kusoma kozi na anayetaka kunoa uelewa wake. Anayeanza kabisa asome kozi kwanza, na yeyote atakayejiandikisha aombe mapema nafasi ya kompyuta, hasa msimu wa korosho, wakati zamu za bandarini huwabana wanafunzi wengi wakajazana siku zilezile.