Siku mbili kati ya Saadani, Mto Wami na Kaole: tathmini ya safari niliyoilipia

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu na binti yake, waliokuwa wamekuja kutoka Tanga kututembelea hapa Bagamoyo, kwenye safari ya siku mbili iliyoandaliwa na kampuni moja ya utalii ya mjini. Siku ya kwanza ilikuwa ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani pamoja na boti katika Mto Wami, na ya pili ilikuwa ya magofu ya Kaole na Mji Mkongwe. Bei ilijumuisha gari, mwongozaji, chakula cha mchana na boti. Viingilio vya hifadhi tulijilipia wenyewe, na ieleweke kwamba havipokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo anayekwenda akamilishe malipo mapema asije akakwama langoni.

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, lakini gari lilifika saa moja na nusu, na dereva hakuona haja ya kutueleza sababu. Katika hifadhi nyingine kuchelewa huko kungetugharimu wanyama wachache wa asubuhi, basi. Saadani, ambayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya bara nchini mwetu inayopakana na Bahari ya Hindi, kuchelewa kunagharimu maji, kwa sababu sehemu ya chini ya Wami hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Kuhusu wanyama sina malalamiko. Tuliona twiga wengi, kuro, ngiri, makundi ya kongoni na nyati waliosimama mbali wakituangalia kama wadai. Simba hatukumwona, wala tembo, na ningemshauri mtu anayewataka hao tu aelekee Mikumi, kwa kuwa utajiri wa Saadani uko katika mchanganyiko wake: unatoka kwenye mbuga ya nyasi, unapita kando ya mashamba ya chumvi ambako heroe huja kutafuta chakula, kisha unajikuta ufukweni. Huko Madete, upande wa kaskazini, kasa hupanda mchangani kutaga mayai.

Mtoni ndiko kulikostahili fedha zote tulizotoa. Nahodha wa boti alizima mashine kila alipokaribia viboko, akaiacha boti ichukuliwe na mkondo, nasi tukawa tunasikia pumzi zao tu na mlio wa furukombe juu ya miti. Mamba walikuwa wamelala kwenye tope la ukingoni, mdiria wakiruka kutoka tawi hadi tawi, na katika miti mirefu ya kando ya mto binti alihesabu mbega saba kabla hawajajificha. Kadiri tulivyoteremka, miti hiyo iliachia nafasi mikoko, na maji yakabadilika rangi. Hapo ndipo saa moja na nusu ya asubuhi ilipotudai: maji yalikuwa yameshaanza kupwa, boti ikagusa mchanga mara mbili, na nahodha, kwa busara kabisa, akageuza kabla hatujaufikia mlango wa mto. Yeye simlaumu hata kidogo. Ratiba ya kupwa na kujaa inajulikana na kila mvuvi wa pwani hii, na kampuni inayouza safari ya mtoni ingepaswa kuipanga siku nzima kwa kufuata ratiba hiyo.

Jambo lililomuudhi zaidi shangazi lilikuwa kupita kijiji cha Saadani bila kusimama. Alimuuliza mwongozaji habari za Bwana Heri, aliyewapiga vita Wajerumani kutoka hapo mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri, akajibiwa kwamba historia ni ya kesho. Mimi naona historia ingeanzia pale pale, mbele ya bahari ile ile.

Kesho yake Kaole tulipewa dakika arobaini. Mwenyeji aliyetupokea kwenye magofu alikuwa hodari: alitueleza msikiti wa karne ya 13, kuta za matumbawe na chokaa, nguzo za makaburi zilizokuwa zimepambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na kaburi la Sharifa ambalo watu bado hulizuru kwa dua. Alipoanza kueleza jinsi bandari ilivyokufa, mikoko ikiota mahali majahazi yalipokuwa yakitia nanga, dereva alipiga honi. Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, tuliiona kwa haraka. Ngome Kongwe tuliipita garini.

Chakula kilikuwa cha kutosha, samaki wa kukaanga na wali wa nazi uliokuwa bado na moto. Gari lilikuwa imara.

Kampuni hiyo nimeiandikia kuomba nirudishiwe sehemu ya malipo ya boti, na bado sijajibiwa. Shangazi amesema atarudi, lakini safari hiyo tutamtafuta nahodha wenyewe, tumuulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo tupange saa ya gari. Na Kaole tutakwenda kwa bajaji, tukae mpaka mzee yule amalize habari ya bandari yake.