Kamba ya katani ya hadiwea za Kisumu: inafaa kwa adhabu ya ebi, ukiitayarisha

Kamba ya katani ya milimita 6 utaipata katika hadiwea nyingi za Kisumu, za katikati ya mji na za upande wa soko la Kibuye. Kwa watu wazima wanaofungana kwa hiari, na hasa wanaopenda adhabu ya ebi (kufungwa ukiwa umeketi na kuinamishwa mbele), inaishinda kabisa nailoni ya rangi inayouzwa kando yake. Ila ukiitumia vile ilivyotoka dukani itakuchuna ngozi.

Ebi ni adhabu ya kale. Katika Japani ya enzi ya Edo (1603–1868) ilikuwa mojawapo ya mateso manne ya kumfanya mshukiwa akiri. Mengine yalikuwa kuchapwa, kurundikiwa mawe mapajani na kuning'inizwa. Mtu aliketishwa miguu imekunjwa, mikono imefungwa nyuma, akainamishwa mpaka kidevu kikaribie miguu, kisha akaachwa hivyo. Mchoraji Seiu Ito (1882–1961) aliyachunguza na kuyachora mateso ya aina hiyo, na kazi yake ikawa na mchango mkubwa katika kuyaingiza kwenye mapenzi ya kufungana kwa kamba. Leo aliyefungwa ndiye mwenye neno la kusimamisha kila kitu.

Katika ebi kinachoumiza ni mkao. Kamba haihitaji kubana, inahitaji kushika fundo tu. Nailoni huteleza, tena ikivutwa haraka huunguza. Pamba ni laini lakini hurefuka, na fundo lake likishavutwa sana hugoma kufunguka. Katani hushika na kuachia vizuri.

Kata vipande vinne vya mita 8, piga fundo kila ncha. Vichemshe nusu saa, kisha vianike kivulini vikiwa vimevutwa kwa uzito, la sivyo vitakauka vimejipindapinda. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo usiharakishe. Kamba mbichi hushika ukungu. Ikikauka kabisa, ipitishe upesi juu ya moto wa gesi ili vinyweleo viungue. Koroboi itaipaka masizi. Malizia kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya mtoto. Mafuta huja baada ya moto, kamwe si kabla, na ya kupikia yaache jikoni kwani huchacha. Hata hivyo itabaki na ukali kiasi, basi aliyefungwa avae fulana.

Kamba inayotoka miguuni iunganishwe na ile ya kifua na mabega. Isiguse shingo hata kidogo. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kamba na mwili. Kifua kikilalia mapaja pumzi hufupika, ndiyo maana dakika 5 zinatosha kwa anayeanza, na mwenye pumu, presha au maumivu ya mgongo asijaribu. Mkono ukiwa baridi au wa buluu, damu haipiti. Vidole vikifa ganzi au kiganja kikishindwa kuinuka, mshipa wa fahamu umebanwa, hata kama rangi ya ngozi haijabadilika: kata kamba hapo hapo. Makasi yenye ncha butu yawe mkononi, na usimwache mtu peke yake. Ukifungua, mwinue polepole, maana akinyanyuka ghafla anaweza kuzirai.

Kwa kuning'iniza mtu, kamba hii hapana. Imetengenezwa kufungia mizigo, na nyuzi zake huweza kukatika ndani bila kuonekana nje.